Mguu wa Kuazima

Neville Ackroyd alichukua siku kumi na tisa kuchagua bima ya mbwa, na siku zote hizo mkewe hakuchoka kumcheka. Na si kumcheka faraghani. Gaynor alimcheka mbele ya jirani, mbele ya muuza nyama, na mbele ya wanawake wenzake waliogawa naye chakula cha mchana pale shule ya msingi. "Mume wangu kapata hawara," aliwaambia, huku akipakua viazi vilivyopondwa. "Anaitwa Vigezo na Masharti. Tangu Jumatatu hawajaachana."

Ukweli ni kwamba kulikuwa na la kucheka. Meza ya jikoni ilijaa karatasi za kampuni saba, kila moja ina picha ya mbwa anayechekelea kama mgombea ubunge. Watu wa bima hao, ukiwasoma, utadhani wameamka alfajiri kwa uchungu wa kumpenda mbwa wako. Kuna bima ya bei rahisi inayolipa mbwa akigongwa na gari tu. Akiumwa, shauri yako. Kuna inayolipa ugonjwa kwa mwaka mmoja, mwaka ukiisha inakuacha na mgonjwa wako mlangoni. Halafu kuna ile wanayoiita ya maisha, na maana ya maisha hapo ni kwamba utawalipa mpaka mmoja wenu afe, na kila mwaka watapandisha bei wakikushukuru kwa uaminifu wako.

Neville alizisoma zote. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na moja kwenye kibanda cha ishara za treni, kazi ya mtu anayeweza kuzuia abiria mia nne kwa sababu taa moja haijajibu, na alisoma mikataba ile hivyo hivyo, kwa rula na penseli.

"Hii ya pauni kumi na moja ina ubaya gani?" Gaynor alimuuliza.

"Ina ubaya kwenye magoti."

"Magoti ya nani?"

"Ya mbwa. Wanahesabu magoti mawili kuwa ugonjwa mmoja. La kushoto likiharibika wakakulipa, la kulia likifuata wanakwambia ulishalipwa."

"Sasa hizo za bei mbaya zinampa mbwa magoti mangapi?"

Neville alipiga mstari chini ya sentensi nyingine, akaendelea. Mwisho alichagua ya pauni thelathini na nane kwa mwezi, ya maisha, kila goti kwa hesabu yake. Gaynor akaenda kuwatangazia wenzake kwamba mumewe amewatafutia bima inayozidi bei ya kadi ya basi, na kwamba kwa kumjua Neville, siku ya shida itagundulika kamkatia paka.

Mbwa mwenyewe alikuwa wa wiki kumi, mtoto wa jamii ya teria, mweupe, jicho moja limezungukwa na weusi. Walimnunua kwa pauni mia sita kutoka kwa mwanamke mmoja wa Batley. Gaynor ndiye aliyempa jina. Alimwita Tuppence, yaani peni mbili, akawaambia watu kwamba hata hizo hafikii. Halafu akifika nyumbani alimchambulia kuku kwa vidole, akitoa mifupa mmoja mmoja.

Na Neville alibadilika. Tangu astaafu, miaka miwili nyuma, alikuwa akikaa kwenye kiti cha dirishani kama kifurushi ambacho mwenyewe hajaja kukichukua. Sasa alitoka mara tatu kwa siku, mbwa kifuani mpaka chanjo zikamilike, na watu wa njia ya mferejini wakamjua kwa jina. Alirudi na habari. Alirudi na njaa. Gaynor aliyaona yote hayo akafurahi moyoni, ila alipoulizwa hali ya Neville alisema, "Sasa wako wawili wa kuwafutia sakafu."

Sahihi kwenye karatasi za bima aliiweka Gaynor, kwa kuwa malipo yangekatwa kwenye akaunti yake. Aliitia chini ya tamko kwamba mnyama ni mzima na hajawahi kuonyesha dalili yoyote ya ugonjwa wala kilema. Aliitia bila kusoma. Kusoma ilikuwa kazi ya Neville.

Siku ya tano baada ya hapo Neville alibaki nyumbani kumngoja fundi wa boila, Gaynor akampeleka Tuppence kuchanjwa. Daktari alikuwa msichana aliyeitwa Philippa, mashavu mekundu, viatu vya mpira, umri wa binti ambaye Gaynor angemwambia arudishe trei. Alimsimamisha mbwa juu ya meza akamwangalia pande zote.

"Jamani, huyu mzuri kweli," alisema. "Mwangalie alivyosimama."

Hapo sasa. Mahali alipozaliwa Gaynor, kaskazini mwa Uingereza, mtu akikisifia kitu chako huipokei ile sifa ukaitia mfukoni. Huo ni ulimbukeni. Ukiambiwa gauni zuri, unasema la mtumba. Ukiambiwa mtoto ana akili, unasema subiri akue kidogo atamfuata mjomba wake aliyefungwa. Kila mtu anajua ni adabu tu, hakuna anayeamini, na mazungumzo yanasonga mbele. Mama yake Gaynor alikuwa hivyo, na bibi yake alikufa akimsihi nesi asijisumbue naye, kitanda apewe mtu wa maana.

"Usimsifie sana," alisema Gaynor. "Huo mguu wa nyuma wa kushoto ni wa kuazima. Tangu siku ya kwanza hauko sawa. Nadhani tuliuziwa mabaki."

Philippa alicheka kidogo. Alikuwa mtu wa kusini, wa watu wanaoamini wanachoambiwa. Aliupapasa mguu, akaukunja, akaukunjua, hakuona kitu. Kisha akaigeukia kompyuta akaandika. Gaynor alivisikia vidole vikigonga, akadhani unaandikwa uzito wa mbwa.

*

Miezi mitatu ilipita kabla Tuppence hajaanza kuruka. Alikuwa akikimbia vizuri, mara hatua mbili anaunyanyua ule mguu wa kushoto, kisha anaushusha kama hakuna lililotokea. Majirani waliona anacheza. Neville hakuona mchezo wowote. Alimbeba siku hiyo hiyo wakaenda wote watatu kwa daktari.

"Ni pia ya goti, kile kifupa cha mbele," alisema Philippa. "Inatoka kwenye mfereji wake. Anahitaji operesheni kabla mfupa haujakomaa vibaya. Wiki sita, si zaidi. Kuna mtaalamu Leeds. Atataka kama pauni elfu tatu na mia mbili."

Gaynor alishika ukingo wa meza. Akiba waliyokuwa nayo ilikwenda kwenye paa mwezi wa tatu.

"Tusipoweza?" aliuliza.

"Mguu utapinda, na atakuwa na maumivu maisha yake yote. Lipo shirika la hisani linalochukua mbwa wa namna hii. Linawatibu, linawatafutia watu wengine. Lakini hamtarudishiwa."

Neville alikohoa. "Usiwe na wasiwasi, daktari," alisema. "Tuna bima ya maisha. Magoti yote mawili, kila moja kwa hesabu yake."

Aliyasema hayo taratibu, kwa sauti ya mtu aliyengoja wiki nyingi aulizwe. Wakati wa kurudi alisimamisha gari mwenyewe, akanunua samaki na viazi vya kukaanga, akaongeza na njegere bila kuombwa. Gaynor alimtazama akila, akasikia fahari inampanda. Basi akamgeukia mwanamke wa kaunta. "Mwangalie huyu," akamwambia. "Leo anajiona waziri wa fedha."

Neville alitabasamu, akafuta siki kwenye kidole.

Barua ya kampuni ilikuja siku ya tisa. Neville aliifungua kwa kisu, akaisoma akiwa wima karibu na sinki, akairudia tena tangu juu. Kisha akaisoma kwa sauti. Ombi limekataliwa. Hali hiyo ilikuwepo kabla ya bima. Katika kumbukumbu za daktari, siku ya tano ya bima, wakati hata siku kumi na nne za kungoja, ambazo bima bado hailipi ugonjwa, hazijaisha, imeandikwa: *Mmiliki anaeleza kwamba mguu wa nyuma wa kushoto hauko sawa tangu siku ya kwanza.*

"Mmiliki ni nani hapa?" aliuliza Neville.

"Ni sisi."

"Mimi siku hiyo nilikuwa na fundi wa boila."

"Ulikuwa mzaha, Neville."

"Ulikuwa umemwona akichechemea?"

"La."

"Hata mara moja?"

"Nimekwambia la. Alikuwa mzima kama ngoma."

"Sasa kwa nini ulisema?"

"Alimsifia."

Neville aliikunja barua. Alikuwa mtu wa huko huko, na neno lile lilimwingia mara moja, ndiyo maana hata hasira hakuweza kuipata vizuri. Angekuwa amekosea yeye, Gaynor angekuwa na la kuwaambia wenzake hadi Krismasi. Neville aliiweka barua kwenye jalada lake, kwa tarehe, akaenda kumtoa mbwa nje.

*

Gaynor alikwenda mwenyewe kwa daktari, bila miadi. Mapokezi walimwambia asubiri, akasubiri dakika hamsini kati ya mzee mwenye paka ndani ya boksi na bango la minyoo. Philippa alitokea akifuta mikono, akamsikiliza pale pale, mbele ya mzee na paka wake.

"Siwezi kufuta, Bi Ackroyd. Ni kumbukumbu za tiba."

"Nilikuwa nakutania."

"Mimi niliandika ulichosema."

"Kwani wewe hukuushika ule mguu? Si uliona mzima?"

"Nimeandika hilo pia. Mstari wa pili. Uchunguzi haukuonyesha tatizo."

"Basi mbona hawakuusoma mstari wa pili?"

Mstari wa kwanza ulikuwa unaitosha kampuni. Mtu anayetafuta sababu ya kutolipa haendelei kusoma akishaipata.

"Lakini uliniambia tangu siku ya kwanza," Philippa alisema, na sasa alionekana anasikitika. "Ningejuaje kwamba si kweli?"

Yule mzee mwenye paka alicheka puani. Yeye angejua. Gaynor alimshukuru daktari, akaomba radhi kwa kumpotezea muda, akatoka akitembea haraka.

Kwenye simu ya kampuni alingoja muziki wa kinanda kwa nusu saa, kisha akapata kijana wa kiume, Kieran, mwenye sauti laini kama losheni.

"Naelewa kabisa unavyojisikia, Gaynor," alisema Kieran, ambaye hakuwahi kuonana naye wala kuambiwa amwite kwa jina la kwanza. "Mimi mwenyewe nina mbwa."

"Ana bima?"

"Kwa wafanyakazi ni bure. Sasa sikiliza, unayo haki ya kuomba ombi lako lipitiwe upya. Tuandikie maelezo kwa maneno yako mwenyewe. Kwa nini ulisema ulichosema, na kwa nini tusikichukulie kama ukweli. Na mtu mzima wa nyumbani kwako athibitishe kwa sahihi."

"Mnataka niwaandikie kwamba nilisema uongo?"

"Kwa maneno yako mwenyewe," alirudia Kieran.

Kazi hiyo ilimla Jumamosi nzima. Ukitaka kumdhalilisha mtu mzima, mwambie aeleze adabu yake kwa maandishi. Alichana karatasi tatu. Ya nne aliiacha mezani, akamwita Neville aje kutia sahihi, akajishughulisha na sufuria ambazo zilikwisha kuoshwa.

Neville alivaa miwani, akavuta kiti. Hakuwa mtu wa kutia sahihi asichosoma.

*Mimi ni mtu wa kusema vibaya vitu vyangu,* Gaynor alikuwa ameandika. *Ndivyo nilivyolelewa, na watu wa huku wananielewa. Nimewaambia majirani nyumba yangu ni banda, na kila siku naifuta vumbi. Nimewaambia wageni keki yangu ni tofali, na hawakubakiza kipande. Kwa miaka thelathini na minne nimemwambia kila mtu kwamba mume wangu hawezi kubadilisha balbu, kwamba hawezi kuachiwa hata mmea wa chungu, na kwamba nilimwokota kwenye kapu la bei ya kutupa. Sikumaanisha hata moja. Nililosema kuhusu mguu wa mbwa ni la namna hiyo hiyo. Maneno yangu juu ya vilivyo vyangu yasichukuliwe kuwa ukweli.*

Neville alifika mwisho. Alirudi juu, kidole chini ya mstari.

"Hukumaanisha la kapu?" aliuliza.

"Si nimeandika."

"Ulilisema kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu Lorraine. Kwenye kipaza sauti."

"Watu walicheka."

"Mimi pia nilicheka." Aliivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Na la balbu?"

"Mara ya kwanza uliniletea balbu isiyo yenyewe, Neville, usianze."

"Mara moja. Mwaka wa tisini na sita." Akaitazama taa ya dari. "Miaka yote hii nimekuwa nikiita fundi wa umeme. Nilidhani wewe hutaki niguse."

Gaynor aligeuka na sufuria mkononi. Alitaka kusema kitu, akaona kila alicho nacho mdomoni ni mzaha. Neville alikuwa amekwisha kuvaa miwani tena. Alitia sahihi kwa mwandiko wake wa kibanda cha treni, herufi zilizosimama kila moja peke yake, akaandika tarehe na saa.

*

Jibu lilichukua wiki mbili, na lilikuwa na adabu kupita kiasi. Kampuni ilimshukuru Gaynor kwa uwazi wake. Kampuni ilikubali kwamba kauli yake kuhusu mguu huenda haikuwa ya kweli. Lakini kwa kuwa mteja mwenyewe amekiri kwa maandishi, mbele ya shahidi, kwamba maneno yake juu ya vilivyo vyake yasichukuliwe kuwa ukweli, basi kampuni haiwezi tena kulitegemea tamko lake la kwanza, lile la kwamba mbwa ni mzima. Kwa hiyo bima inafutwa tangu siku ilipoanza. Pesa zote alizolipa zimerudishwa. Wanamtakia yeye na Tuppence kila la heri.

Neville aliisoma mara tatu.

"Wana haki," alisema mwishoni.

"Wana haki gani? Hata mwizi wa kuku ana haya kuliko hawa."

"Kwa jinsi ilivyoandikwa, wana haki." Aliiweka chini. "Bima yenyewe ilikuwa nzuri."

Hilo ndilo lililomchoma Gaynor kuliko barua. Ilikuwa nzuri kweli. Kati ya kampuni saba, na ulaghai wote ule wa mwaka mmoja na wa magoti mawili kuwa goti moja, mzee huyu alikuwa amechagua ile moja ambayo ingelipa mpaka senti ya mwisho. Hakukosea hata mahali pamoja. Ulimi uliponza kichwa, wanasema wenye busara. Wa Gaynor ulikiacha kichwa chake salama ukaenda kumponza mbwa.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Gaynor alifanya jambo aliloapa hatalifanya maishani. Alimpigia simu wifi yake.

Lorraine alikuja Jumapili saa sita mchana, na gari lenye viti vinavyopashwa joto na keki ya limau ya dukani. Alikuwa dada mkubwa wa Neville, mjane wa muuza madirisha, mwanamke asiyeweza kuingia nyumba ya mtu bila kutazama dari. Aliketi, akasogeza kikombe alichopewa sentimita mbili kutoka kilipokuwa.

"Pesa ninazo," alisema. "Sitawazungusha. Kesho nampigia huyo mtaalamu. Ila mbwa atakuwa wangu."

Neville alikuwa kwenye kiti cha dirishani, Tuppence mapajani. Hakuinua uso.

"Wako kivipi?" aliuliza Gaynor.

"Wangu. Usikasirike, mpenzi, fikiria. Baada ya operesheni ni wiki nane za kumwangalia mchana kutwa. Asiruke, asipande ngazi, dawa kwa saa. Wewe uko kazini. Nani atafanya hayo?"

"Neville."

Lorraine aliweka kijiko chini. "Gaynor. Si wewe mwenyewe uliyeniambia kwamba huyu hawezi kuachiwa hata mmea wa chungu? Mara ngapi? Hukuniambia Krismasi? Hukuniambia kwenye mazishi ya mume wangu?"

"Yalikuwa maneno tu."

"Mimi huwa nasikiliza maneno. Sitoi pauni elfu tatu nikaja kukuta mbwa kavunjika mguu wa pili kwa sababu ndugu yangu kalala." Alimtazama kaka yake mdogo, akamtazama tena wifi yake. Hakuwa mtu mbaya sana. Alikuwa tu na kiu ya kusikia mtu akinyenyekea. "Haya, niambie nimekosea. Niambie hapa mbele yake kwamba Neville anaweza, kwamba ni mtu wa kuaminiwa. Ukiniambia hivyo kwa moyo wako, nawalipia na mbwa abaki hapa. Sitadai hata peni."

Neville aliinua uso.

Gaynor alikuwa nayo. Yote alikuwa nayo. Siku kumi na tisa na rula. Yule aliyembeba mbwa kwenda kwa daktari siku ile ile alipomwona anaunyanyua mguu. Yule aliyezuia treni miaka thelathini na moja na hakuna abiria hata mmoja aliyewahi kukwaruzwa mikononi mwake. Angeyasema katika dakika moja. Lakini kumsifu mume wako, mwenyewe, kwa mdomo wako, mchana kweupe, mbele ya dada yake na keki ya limau? Mama yake asingeweza. Hakuna mwanamke wa mtaa ule aliyewahi kuweza. Ilikuwa sawa na kuambiwa avue nguo sebuleni. Mikono yake ilitafuta kitambaa cha kukunja.

"Anajitahidi," alisema.

Lorraine alingoja. Neville naye alingoja. Hakukuwa na zaidi.

Neville ndiye aliyeinuka. Alimshusha Tuppence taratibu, mguu wa kushoto akiutangulizia kiganja, akaenda kuchukua mkanda wa mbwa, bakuli na mfuko wa chakula.

"Neville, ngoja," alisema Gaynor.

"Siku kumi na moja, Gaynor," alisema, na akamgeukia dada yake. "Dawa ya maumivu ni nusu kidonge, saa moja asubuhi na saa moja jioni. Usimpe tumbo tupu, atatapika. Anakula gramu sitini mara tatu. Asitembee zaidi ya dakika kumi, na iwe kwenye majani, siyo kwenye lami. Akiunyanyua mguu, usimvute. Simama. Weka kidole gumba hapa, juu ya goti, nyoosha polepole, utasikia ile pia ya goti inarudi. Ukisikia haikurudi, usilazimishe, mpigie Philippa. Ngazi zako zizibe kwa ubao leo leo, usingoje kesho. Anaogopa mashine ya kukaushia nywele. Akilia akiwa peke yake, hana shida, anataka tu kujua uko chumba kipi, mwite jina lake mara moja inatosha."

"Ndiyo, ndiyo," alisema Lorraine, akitafuta funguo za gari kwenye mkoba.

Neville alimweka mbwa kwenye kiti cha nyuma, akamfunga, akajaribu kama mkanda umekaza. Gari lilitoka. Alisimama kwenye lango hadi likakata kona, kisha akarudi ndani, akaanza kukusanya blanketi na yale matambara ya sakafuni.

Gaynor alikuwa amesimama pale pale. Sasa ndipo ulimi wake ulipofunguka.

"Ungeweza," alisema. "Ungemlea kuliko mtu yeyote. Ile bima uliichagua sawasawa, Neville, hukukosea hata kidogo, niliyeharibu ni mimi. Wewe ni mtu makini, na mtu mwema, na mimi nimelijua hilo tangu siku niliyokuona. Sijawahi kujuta."

Neville alimsikiliza hadi mwisho, kama alivyoisoma kila karatasi hadi mwisho. Blanketi lilikuwa limejaa nywele nyeupe.

"Na hayo," aliuliza, "ni ya kweli, au ni ya adabu?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua ayaweke kwenye jalada gani.

Gaynor alisema ni ya kweli. Aliapa. Neville aliitikia kwa kichwa, akalikunja blanketi mara mbili, akalikunja tena, na Gaynor akaona kwamba hakumwamini.